Ndoo Iliyorudi na Mifupa Yake

Jifya ni jiwe la jikoni. Hutakiwa mafya matatu ili chungu kikae juu ya moto bila kuyumba. Weka mawili, chungu kitainama. Weka moja, hata likiwa kubwa kama kichwa cha tembo, utamwaga chakula na kuungua miguu. Wazee waliliona jambo hili jikoni kabla hawajaligeuza kuwa methali, kwa hiyo halihitaji maelezo marefu; kila aliyewahi kupika analijua. Shida ni kwamba wapo watu ambao wakishapata jiwe moja kubwa, huyatupa nje yale madogo. Hadithi hii ni ya mmoja wao, na kwa bahati njema haiishii kwenye vigae.

Katika mji uliokuwa na barabara moja ya lami, na nyingine nyingi zinazosubiri zamu yao, palikuwa na ghala kuukuu la magunia. Wenyewe walipolihama, muuguzi mmoja aliyestaafu aliomba apewe funguo, akaligeuza kituo cha kutunza wanyama wasio na kwao. Watu walimwita Mama Makucha, kwa kuwa hakuna siku mikono yake ilionekana bila mikwaruzo ya paka. Alikuwa mfupi, mwepesi kama tiara, na bado alikuwa na sauti ya wodini: sauti ya chini, lakini ikisema lala, unalala.

Kituo kilianza na mbwa mmoja aliyegongwa na pikipiki. Mama Makucha alimfunga gango mguuni akampa maji. Wa pili aliletwa na mwenye duka, na wa tatu alikuja mwenyewe, kana kwamba kapata fununu. Baada ya miaka michache ghala lilikuwa na mbwa thelathini na wawili, paka kumi na tisa na punda mmoja kipofu aliyependa kuimbiwa. Vizimba vilitengenezwa kwa fremu za vitanda chakavu vya hospitali, zikachomelewa na kusimamishwa wima. Kinyozi mmoja alikuwa akiapa kwamba kizimba cha nne ndicho kitanda alicholazwa alipotolewa kidole tumbo, na kwamba yule mbwa anayekilalia sasa anapata huduma bora kuliko aliyoipata yeye.

Mji nao ulifaidi. Kila Alhamisi ilikuwa siku ya chanjo, na watu walipanga foleni na mbwa wao wamefungwa kamba za manila, mikanda ya suruali, hata tai za shule. Tangu chanjo zianze, kichaa cha mbwa kikawa kitu cha kusimuliwa na watu wazima tu. Punda wa mikokoteni waliochubuka migongo walitibiwa bure. Wenye maduka ya nafaka waliazimwa paka. Panya wakipungua, paka alitakiwa kurudishwa kituoni, ingawa wengi hawakurudi, maana wenye maduka walikuwa wameshanogewa.

Na nani aliyewalisha wanyama wote hao? Mwanzoni ulikuwa mji wenyewe. Muuza nyama wa sokoni, pande la mtu mwenye mdomo usio na breki, alileta ndoo ya mifupa kila Jumamosi. Fundi cherehani alileta vipande vya blanketi vya kulalia, na mwoka mikate alileta maganda yaliyoungua. Hakukuwa na mpango. Wiki moja mifupa ilikuwepo bila unga, wiki nyingine unga ulikuwepo bila kuni. Aliyejua kuviunganisha alikuwa wifi yake Mama Makucha, dada wa marehemu mumewe, aliyepika chakula cha mbwa katika nusu pipa huku akiwasengenya mbwa wenyewe kwa majina.

Siku moja mbwa wa Tajiri wa Unga alikula sumu ya panya. Tajiri huyu ndiye aliyekuwa mwenye kiwanda cha kusaga nafaka cha mji mzima. Mbwa wake aliitwa Meneja, kwa sababu kazi yake ilikuwa kutazama wengine wakifanya kazi. Mama Makucha alikesha naye siku tatu akimdondoshea dawa mdomoni tone kwa tone, na siku ya nne Meneja akanyanyua kichwa akamtazama kana kwamba anauliza nani kamruhusu aketi. Tajiri alilia machozi mbele ya watu, jambo ambalo halikuwahi kuonekana hata alipofungua mkono kulipa mishahara.

Tangu siku hiyo alijitwika kituo chote. Alimwaga sakafu ya saruji, akaweka tangi la maji, akawa analeta magunia ya unga na pumba kila wiki, akalipa mlinzi na dawa. Aliweka sharti moja tu. Alisema kwamba yeye akibeba mzigo huubeba peke yake, na hapendi kusikia ati Tajiri wa Unga amechangiana mbwa na mtu wa ndoo.

Mama Makucha alikubali. Angekataaje? Kwa mara ya kwanza alilala usiku bila kuhesabu vichwa na matumbo. Wifi yake alimwonya kwamba mtu hafukuzi mvua ya rasharasha kwa kuwa kapata mto, lakini maneno yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Jumamosi iliyofuata ndoo ya muuza nyama ililetwa kama kawaida, na hapo ndipo Mama Makucha alipofanya kosa ambalo muuguzi tu ndiye angeweza kulifanya. Hospitalini, dawa isiyohitajika hurudishwa stoo, na anayeirudisha husifiwa kwa uaminifu. Basi aliibeba ile ndoo mwenyewe, ikiwa imejaa vilevile, akaipeleka hadi bucha, akaiweka juu ya meza mbele ya foleni ya wateja, akashukuru na kueleza kwamba sasa haihitajiki. Alitembea kurudi kwake akiwa na roho nyeupe.

Hakujua amefanya nini. Chombo cha jirani hurudi kitupu kimeoshwa, au hurudi na kitu kingine ndani. Kukirudisha na kilekile kilichomo ni kumwambia mwenzio kwamba chake hakifai hata kwa mbwa. Muuza nyama aliitazama mifupa yake bila kusema kitu, na kwa mtu wa mdomo ule, kimya kilikuwa habari kubwa. Kabla ya jua kutua, fundi cherehani alikuwa amesikia, mwoka mikate amesikia, na kila mmoja akaweka mkono wake mfukoni akautuliza humo.

Miaka miwili ilipita kwa raha. Kisha asubuhi moja Tajiri wa Unga alikuja kituoni kwa miguu, bila dereva, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Moyo ulikuwa umeanza kumsumbua. Alikuwa ameuza kiwanda na anakwenda kuishi kwa binti yake, nchi ya mbali. Waliokinunua walimwambia wazi kwamba wao wamenunua mashine, hawakununua mbwa. Alikuwa na uwezo wa kuwalisha mpaka mwisho wa mwezi, basi. Alisema hayo huku akiitazama sakafu ya saruji aliyoimwaga mwenyewe, na Mama Makucha hakuona pa kumlaumu.

Mwisho wa mwezi ulikuwa wiki tatu mbele, na siku inayoufuata, tarehe moja, ndiyo siku ambayo daktari wa mifugo wa halmashauri angekuja kukagua kituo, kama afanyavyo kila mwaka. Masharti ya kibali yalikuwa mafupi: kituo kionyeshe ni nani atakayewalisha wanyama kila siku. Kikishindwa, kinafungwa, na wanyama wasio na mwenyewe huchomwa ile sindano ya mwisho. Mbwa thelathini na wawili, paka kumi na tisa, na punda kipofu anayependa kuimbiwa.

Mama Makucha hakuketi kulia. Alivaa viatu vyake vya kazini akaanza kubisha kwenye milango ya matajiri, maana alikuwa amezoea kwamba mwokozi huja mmoja na huja na gari. Aliandika barua tisa. Mmoja alimjibu kwa kumuuliza kama hao mbwa wanaweza kulinda ghala lake bila malipo. Mwingine aliahidi kulifikiria, na bado analifikiria. Wa tatu, mheshimiwa mmoja mwenye tabasamu pana, alimpa kalenda yenye picha yake. Aliporudi nayo imekunjwa kwapani, wifi yake alikuwa anakoroga pipa.

"Wifi," alisema yule mpishi bila kugeuka, "umeanguka kwa kukalia kigoda cha mguu mmoja. Sasa unazunguka mji mzima kutafuta kingine cha mguu mmoja, ila kinene zaidi."

"Nifanye nini basi?"

"Nenda bucha."

"Bora niende kaburini."

"Huko utakwenda tu. Anza na bucha, ni karibu."

Jumamosi asubuhi Mama Makucha alichukua ndoo tupu akasimama kwenye foleni ya bucha kama mteja mwingine yeyote. Muuza nyama alimwona tangu alipokuwa mtu wa kumi na mbili, akajifanya hakumwona. Alikata, akapima, akafunga, akatania wateja, na foleni ikasogea. Zamu ya Mama Makucha ilipofika, muuza nyama alifuta kisu taratibu.

"Karibu, mama. Leo tuna steki, maini, na mifupa daraja la pili. Ile ya daraja la kwanza nilirudishiwa."

Foleni ilicheka. Hata fundi cherehani, aliyekuwa nyuma yake na robo kilo yake akilini, alijifunika mdomo. Mama Makucha alisubiri kicheko kiishe. Alijua dawa ya kidonda haiwekwi juu ya bandeji.

"Mwanangu," alisema, "nilikukosea mbele ya watu, nakuomba radhi mbele ya watu. Uliwalisha wanyama wangu nilipokuwa sina kitu. Nilipopata, nikakurudishia wema wako kwenye ndoo. Ningekuwa wewe, nisingesamehe leo. Lakini nina wiki mbili tu, sina muda wa kusubiri usamehe kesho."

Muuza nyama alikitazama kisu, akaitazama foleni. Kisha akasema kwamba siku ile aliporudi nyumbani na ndoo, mkewe alimwambia kuwa amezoea kuona mumewe akikataliwa na watu, lakini kukataliwa na mbwa ni jambo jipya. Safari hii aliyecheka kwanza alikuwa Mama Makucha mwenyewe, akacheka mpaka akashika meza, na mambo yakalegea. Ndoo ikaanza kujazwa.

Lakini muuza nyama alikuwa mtu wa hesabu zake. Alisema hawezi kuwabeba mbwa thelathini, na hata kama angeweza asingekubali, maana wameshaona yalivyowapata kwa bega moja. Anachoweza ni siku moja kwa mwezi. Siku hiyo iwe yake kuanzia asubuhi mpaka jioni: mifupa yake, unga wake, kuni zake, na ufagio mkononi mwake.

"Nipe tarehe moja," alimaliza. "Siku hiyo mnyama akilala na njaa, nikamatwe mimi."

"Mimi ya pili," alisema fundi cherehani kutoka nyuma, kisha akaongeza kwamba asimamishwe mbali na paka wa kijivu, walikosana zamani.

Hivyo ndivyo zamu zilivyoanza. Wenye mikokoteni walichukua siku tano, kwa kuwa hakuna aliyesahau mgongo wa punda wake. Wenye maduka ya nafaka walichukua nne na kuomba wasiulizwe tena habari za paka walioazimwa. Mwoka mikate alichukua moja, vinyozi wakajikusanya wakachukua moja, shule ikachukua tatu, wauza mboga wakachukua sita, na majirani wa kituo wakagawana sita nyingine. Wifi mtu akaichukua ile kalenda ya mheshimiwa, akaitundika ukutani juu ya pipa, akaandika kila jina kwenye mraba wake kwa kalamu ya wino. Mheshimiwa aliendelea kutabasamu juu yao wote, bila siku hata moja.

Tarehe moja ilipofika, muuza nyama alikuwa kituoni kabla jua halijapasha bati, akifagia kwa bidii mpaka mbwa wakaanza kupiga chafya. Ilikuwa siku yake peke yake. Hata hivyo fundi cherehani alipita "kusalimia tu", akiwa na furushi la vipande vya blanketi. Mwoka mikate naye alipita kusalimia na gunia. Wenye mikokoteni walikuja na kuni, wauza mboga wakaja na karoti za punda, na mwalimu mkuu akaja na darasa zima. Kila mmoja alikuwa amelala akiwaza kwamba huenda mwenzake asifike, na kila mmoja aliona haya kulikiri. Kufikia saa tatu uani palikuwa na chakula cha wiki mbili, na wifi mtu alikuwa akizunguka na mwiko akiuliza kama amealikwa harusi ya mbwa yupi.

Daktari wa mifugo alikuwa mwembamba, mwenye maneno machache na faili nene. Alikagua vizimba, akafunua midomo ya mbwa, akatazama maji, akamsikiliza punda kifuani. Punda alifurahi, akidhani anakaribia kuimbiwa. Mwishoni daktari akafungua faili na kuuliza mfadhili ni nani. Mama Makucha akamwonyesha ukutani.

"Mama, hii ni kalenda."

"Ndiyo."

"Namwona mheshimiwa."

"Usitazame juu, mwanangu. Tazama chini."

Daktari alitazama chini, akasoma kwa muda mrefu. Hakukataa wala hakukubali. Alisema karatasi huvumilia chochote, kwa hiyo atauliza watu. Akageukia uani na kuuliza ni nani wa tarehe kumi na saba. Mtu wa mkokoteni akanyoosha mjeledi juu. Ishirini na mbili? Darasa zima likaitika kwa pamoja mpaka paka wakapanda rafu. Sita? Wauza mboga. Thelathini? Mama Makucha akasema ni yake, kwa pensheni yake.

"Na ishirini na tisa?"

Watu wakageuka kuitazama kalenda. Mraba wa tarehe ishirini na tisa ulikuwa mweupe. Mwisho wa mwezi mifuko huwa imekauka, na kila aliyeikaribia tarehe ile kwenye kalenda alikuwa ameiruka kama dimbwi, akiamini mwingine ataichukua. Wifi mtu alikuwa amekusudia kuisema, akasahau kwa furaha ya zile nyingine.

Daktari alisema kwa upole, lakini alisema, kwamba mnyama haelewi neno kesho, na kwamba sharti linataka kila siku, siyo karibu kila siku. Akaanza kufunga faili. Muuza nyama akajikuna kichwa, akaanza kuhesabu kwa vidole kama bucha lake linaweza kubeba siku mbili, na uso wake ulionyesha kwamba haliwezi.

"Hiyo ishirini na tisa," sauti ilisema kutoka langoni, "mnaweza kunipa mimi?"

Alikuwa Tajiri wa Unga. Nje gari lake lilikuwa limejaa mabegi, na mkononi alikuwa ameshika kamba, na mwishoni mwa kamba alikuwa Meneja, mzee sasa, mvi mdomoni. Mbwa asingeiweza safari ile ndefu, na bwana wake alikuwa amekuja kumwomba Mama Makucha ampokee. Alikuwa amesimama pale kwa muda, hakuna aliyemwona.

Alisema kwamba ya kila siku haiwezi tena, lakini siku moja kwa mwezi ataiweza popote atakapokuwa. Atatuma. Kisha akamtazama muuza nyama, mtu wa ndoo, akamuuliza kama atakubali kumsimamia siku hiyo, kwa kuwa yeye hatakuwepo kushika ufagio.

Watu wote walimgeukia muuza nyama. Alivuta pumzi, na kwa kitambo kidogo ilionekana kana kwamba miaka miwili yote itatoka kwa pamoja.

"Nitumie mimi, mzee," alisema. "Ila ukichelewa siku moja, nitakutangaza bucha, na foleni yangu ni ndefu."

Tajiri alicheka, cheko la mtu aliyetua mzigo. Wakapeana mikono, na mkono wa unga na mkono wa mafuta ikashikana vizuri tu. Wifi mtu aliandika jina kwenye mraba mweupe kwa herufi kubwa kuliko zote, kisha akamzuia daktari asiulize zaidi: tarehe thelathini na moja ni yake, kwa sababu wenzake wana miezi kumi na miwili, na yeye mjanja amejichagulia siku yenye miezi saba tu.

Hata daktari alitabasamu. Meza ilikuwa imejaa mikate, kwa hiyo aligongea muhuri juu ya mfuniko wa pipa, na kelele za darasa zilipopanda, mbwa thelathini na wawili wakadakia, punda akalia, na Mama Makucha, aliyekuwa amezoea kunyamazisha wodi kwa neno moja, akawaacha wapige kelele mpaka wachoke. Meneja alifunguliwa kamba. Alizunguka ua mara moja, akachagua kivuli, akalala akiwatazama watu wakigawa chakula, kama ilivyo kazi yake. Gari liliondoka polepole, mkono wa Tajiri ukipunga dirishani.

Tangu siku hiyo wamepita watu wengi kwenye ile kalenda. Wengine wamehama, wengine wameshindwa, na mraba ukibaki mtupu hupata mwenyewe kabla wino haujakauka. Hakuna aliyeukamata mzigo wote, kwa hiyo hakuna awezaye kuondoka nao. Pipa linachemka kila asubuhi, kwa maana wazee hawakukosea: jifya moja haliinjiki chungu.